Taima si mbovu: kumwagilia mimea ya ndani ukiwa safarini

Swali: "Nakaa ghorofa ya tatu, Upanga. Sebuleni nina rafu ya chuma yenye vyungu kumi na kimoja: saba vya mboga na viungo (mchicha, kotimiri, mrehani, pilipili) na vinne vya maua ya majani. Kazi inanipeleka Dodoma siku kumi kumi. Nilinunua Kariakoo taima ya kuzungusha (swichi ya saa), pampu ndogo ya tangi la samaki iliyoandikwa lita 300 kwa saa, na mipira myembamba. Ndoo ya lita 20 niliiweka juu ya kabati ili maji yashuke kirahisi. Asubuhi ya kwanza tu baada ya kuondoka, jirani wa chini akanipigia kwamba maji yanachuruzika darini kwake. Taima niliiweka robo saa tu. Je, ni mbovu? Na taa ya mimea niiunganishe kwenye hiyo hiyo?"

Dada yangu, kwanza pole, na umpelekee jirani walau keki. Mimi pia niliwahi kugongewa mlango saa nne usiku na mama wa chini akiwa na beseni mkononi, kwa kosa hili hili lako, kwa hiyo sikucheki.

Taima yako ni nzima. Ilifanya ulichoiambia. Shida ni kwamba taima haijui chungu, haijui kiu, haijui ndoo. Inajua dakika basi. Hesabu ya maji ni yako, na hiyo ndiyo iliyorukwa.

Ifanye sasa: lita 300 kwa saa ni lita 5 kwa dakika, na robo saa ni lita 75. Una ndoo ya lita 20. Hata tukisema mipira myembamba iliipunguzia pampu kasi kwa nusu, ndoo ilikauka kabla ya dakika ya kumi, na muda uliobaki pampu ilizunguka kwenye hewa. Iangalie kabla ya kuitumia tena. Pampu hizi hupozwa na maji yanayopita ndani yake. Ikikauka, ekseli hulika na unaanza kusikia kelele kama ya njugu kwenye kopo.

Kuna kosa la pili, na hili lingekumwagia maji hata kama taima ingekuwa ya sekunde. Ndoo iko juu ya kabati, vyungu viko chini yake. Umewahi kuona dereva anavyotoa mafuta kwenye tangi la gari? Anaingiza mpira, anafyonza mara moja, anatemea pembeni, na mafuta yanaendelea kutoka yenyewe mpaka dumu lijae. Pampu yako ilifanya kazi ya ule mdomo. Ikishazima, mpira umejaa maji, mwisho wake uko chini kuliko maji ya ndoo, basi yanaendelea kujivuta mpaka ndoo iishe. Hakuna swichi inayoweza kuzuia hilo.

Kwa hiyo ndoo ishuke chini. Iweke sakafuni, chini ya rafu, na kila mwisho wa mpira uwe juu kuliko uso wa maji ndoo ikiwa imejaa. Pampu ikizima, maji yaliyo kwenye mpira yanarudi ndooni na mambo yanakwisha. Na kama kuna siku utalazimika kuweka ndoo juu, toboa tundu dogo kama la msumari mwembamba kwenye mpira, pale unapopanda kutoka majini, ndani ya ndoo yenyewe, juu ya uso wa maji. Pampu ikiwa inafanya kazi litachuruza kidogo kurudi ndooni, na ikizima litaingiza hewa na kukata ule mvuto. Kagua mara kwa mara kwamba halijaziba.

Ndoo ikishakuwa chini, pampu lazima ipandishe maji. Tazama ubavuni mwake kuna namba imeandikwa H-max, kwa mfano 1.0 m au 2.0 m. Hicho ni kimo ambacho pampu inafika ikiwa imechoka kabisa, yaani hapo hakitoki hata tone. Rafu yako ikiwa na kimo cha mita 1.2 na pampu ina H-max ya mita 1, utasikia inaunguruma na vyungu vya juu vitabaki vikavu. Mimi huchukua yenye kimo mara mbili ya ninachohitaji. Na kama unanunua nyingine, chukua ya volti 12 yenye adapta yake, usichukue ile inayoingiza volti 230 moja kwa moja ndani ya maji. Bei hazitofautiani kiasi cha kukufanya uhatarishe mkono.

Sasa tuje kwenye kiu. Watu huniuliza, "chungu kimoja kinataka maji kiasi gani?" na wanataka namba. Namba iko jikoni kwako: mizani ya unga. Mwagilia chungu vizuri jioni, acha kichuruzike nusu saa, kipime. Kesho jioni muda ule ule kipime tena. Tofauti kwa gramu ndiyo mililita zilizokunywewa na kuvukizwa, maana gramu moja ya maji ni mililita moja. Rudia siku tatu. Chungu changu cha mchicha chenye mdomo wa sentimita 20, kando ya dirisha la magharibi, hupungua gramu 150 hadi 200 siku ya jua. Ua la kutambaa lililo pembeni ya kabati la vyombo hupungua 30, na siku za mvua ni chini ya hapo. Vyungu viwili vya saizi moja, nyumba moja, na kimoja kinakunywa mara sita ya mwenzake. Ndiyo maana mpira mmoja wenye saa moja kwa vyungu vyote kumi na kimoja ni njia ya kuozesha vinne ili kuokoa saba.

Basi maua ya majani yatoe kabisa kwenye mfumo. Kama kati yake kuna sansevieria, ile yenye majani marefu ya ncha kama upanga, yenyewe ni mmea wa Afrika, ndugu zake wanaota porini hapa hapa pwani na hakuna anayewapelekea maji. Siku kumi kwake si kitu. Yale mengine yatie utambi. Nenda duka la vyombo ununue utambi mpya wa jiko la mchina (mpya, usitumie uliokwisha kunywa mafuta ya taa), uloweshe, chomeka ncha moja kwenye udongo sentimita tano kwenda chini, nyingine itumbukie kwenye chupa ya maji iliyo pembeni. Udongo ukikauka unavuta, ukilowa unaacha kuvuta. Usizidishe sentimita 15 kati ya maji na udongo, maana utambi nao una pumzi yake. Wa pamba huoza baada ya miezi michache. Kamba ya nailoni yenye nyuzi laini hudumu zaidi. Haina umeme wala taima, na kwa maua manne siioni sababu ya kitu kingine.

Saba vya mboga ndivyo vya pampu. Tuseme vipimo vyako vimekupa wastani wa mililita 200 kwa chungu kwa siku. Mara saba ni lita 1.4. Siku kumi ni lita 14. Ndoo yako ya lita 20 inatosha na pampu inabaki imezama mpaka unarudi. Umeona? Ndoo haikuwa ndogo, bomba ndilo lililokuwa wazi mno.

Kwenye mipira, dukani watakupa dripa za shambani (vidude vya kudondosha maji tone tone), zile zilizoandikwa lita 2 au lita 4 kwa saa. Uliza kama ni za kujirekebisha presha. Zikiwa ni hizo, ziache. Zimetengenezwa kwa mfumo wenye presha ya karibu bar moja, na maji yaliyosimama mita moja yana bar 0.1 tu, kwa pampu ya tangi la samaki nyingine zitafunguka, nyingine hazitafunguka, na utalaumu udongo. Chukua zile zenye kifuniko cha kuzungusha kama koki, ambazo unafungua na kufunga kwa vidole. Au usitumie dripa kabisa: toa mipira saba ya milimita 4 kutoka kwenye mpira mkubwa mmoja, yote iwe na urefu sawa.

Kisha fanya jaribio la vikombe. Panga vikombe saba vya chai juu ya rafu, kila mwisho wa mpira kwenye kikombe chake, washa pampu dakika moja kwa saa ya simu, zima. Mara ya kwanza hutapenda unachokiona. Kikombe cha chini kabisa kitakuwa kimefurika, na cha rafu ya juu kina maji ya kulowesha kitako tu. Hiyo ni kawaida. Maji huenda kwenye njia nyepesi. Kaza dripa za chini, legeza za juu, jaza vikombe upya. Mimi hunichukua raundi nne au tano, kama nusu saa hivi. Ukiifupisha, utarudi kutoka Dodoma ukute mchicha wa juu umekuwa karatasi. Lenga kila kikombe kipate mililita 100 kwa dakika moja. Na kama hata ukikaza maji bado ni mengi, weka tawi la T karibu na pampu, mpira mmoja urudi ndooni na koki katikati. Nguvu iliyozidi itazunguka humo humo.

Dakika moja ya mililita 100, mara mbili kwa siku, ndiyo mililita 200 zako. Na hapa ndipo taima yako ya kuzungusha inaposhindwa, ingawa si mbovu. Hesabu yale meno yake pembeni: yako 96. Saa 24 ugawe kwa 96 ni dakika 15, na hicho ndicho kipande kidogo kuliko vyote inachokijua. Huwezi kuiambia dakika moja. Tafuta ya kidijitali yenye kipimo cha dakika moja, au ile inayokubali na sekunde. Kabla ya kuilipia, mwambie muuzaji aiwashe na akuonyeshe unavyoweka saa 07:00 mpaka 07:01. Asipoweza yeye, na wewe hutaweza.

Jambo la saa nalo lisikupite. Taima haisemi Kiswahili. Saa moja asubuhi kwake ni 07:00, saa kumi na mbili jioni ni 18:00. Niliitwa kwa mteja mmoja aliyekuwa analalamika kwamba mimea yake imepauka. Nikakuta taa zimewekwa 01:00 mpaka 12:00. Alimaanisha saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Taa zilikuwa zinawaka usiku wa manane na kuzima mchana saa sita, naye kwa kuwa analala mapema hakuwahi kuziona.

Kwa nini mara mbili kwa siku? Sababu moja ni udongo: ukikauka sana, maji mengi kwa mkupuo hupita kando ya ukuta wa chungu na kutokea kwenye matundu, mizizi haijaonja. Sababu kubwa zaidi ni umeme. Ukikatika dakika ile ile ya kumwagilia, zamu hiyo imepotea, na zamu ya pili ndiyo inayokuokoa. Taima ya kuzungusha umeme ukikatika nayo inasimama. Ukikatika kwa muda wa masaa matano, kuanzia hapo kila kitu kinachelewa masaa matano mpaka mtu aje kuirekebisha. Ya kidijitali ina kibetri kidogo cha kutunza saa. Ichomeke ukutani usiku mzima kabla ya kuipanga, maana hutoka dukani kibetri kikiwa kimelala, na ukiichomoa tu inasahau kila kitu.

Kuna plagi za WiFi pia, zile unazoziamrisha kwa simu. Ni nzuri ukiwa Dodoma una wasiwasi. Lakini nyingi zinataka WiFi ya gigahezi 2.4, na ndani ya programu yake kuna mpangilio wa nini kifanyike umeme ukirudi: iwake, izime, au irudie hali ya mwanzo. Kwa pampu chagua izime, bila mjadala. Nyingine hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa ziwake, na hapo umeme ukirudi usiku pampu inaanza, na jirani yako anaanza.

Halafu LUKU. Unaweza kununua umeme kwa simu ukiwa popote, ila kwa mita nyingi tokeni lazima mtu aiingize kwa mkono. Piga hesabu kabla ya safari: taa ya wati 36 ikiwaka masaa 13 inakula karibu nusu uniti kwa siku, siku kumi ni karibu uniti tano. Pampu haihesabiki. Friji ndiyo itakayokumaliza. Acha uniti za kutosha vyote, na zaidi kidogo.

Taa usiiweke pamoja na pampu. Moja inataka dakika, nyingine inataka masaa. Ile taima yako ya meno 96 ipe taa. Hapo inafaa kabisa, na ikichelewa kidogo hakuna anayeumia. Dar mchana wetu hauendi mbali na saa 12 mwaka mzima, lakini mita mbili kutoka dirishani mwanga umeshapungua sana, jicho linatudanganya tu kwa sababu linajirekebisha. Taa ya LED nyeupe, sentimita 20 hadi 30 juu ya majani, saa 13 kwa siku ni mapatano mazuri kwa mchanganyiko wako. Nasema mapatano kwa sababu mboga zako hazikubaliani: kotimiri ikipewa mwanga wa masaa mengi pamoja na joto hukimbilia kutoa maua na majani yanakuwa nyuzi, wakati mchicha ni kinyume chake, siku fupi ndizo zinazousukuma kutoa mbegu. Ukiweza, kotimiri isogeze pembeni ya taa. Na usiku uwe usiku. Taa ya saa 24 si upendo.

Ndoo yenyewe iwe nyeusi au ya buluu iliyokoza, na ifunikwe. Ndoo nyeupe kando ya taa itaota ukungu wa kijani ndani ya wiki moja, na ukungu huo huishia kwenye dripa. Kifuniko si cha ukungu tu. Mbu wa Aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe anayeuma mchana, hutaga kwenye maji yaliyotulia ndani ya nyumba, na Dar tuliona dengi ya 2014 na ya 2019. Siku kumi za maji wazi zinamtosha kutoka yai hadi kuruka. Toboa kifuniko tundu la mpira na la waya tu, ziba mwanya uliobaki kwa kipande cha soksi ndefu za kike. Visahani chini ya vyungu navyo visibaki na maji.

Mbolea usitie ndoomo. Hasa ile ya maji ya samadi, ambayo itaziba mipira siku ya tatu. Na kama jengo lenu linatumia kisima, onja maji: visima vingi vya pwani vina chumvi. Utaona ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu na ncha za majani zinaungua. Tumia maji ya bomba au ya mvua, na kila mwezi mwagilia mara moja kwa mkono, maji mengi yapite hadi chini yasafishe.

Kwenye umeme: soketi na ekstensheni visikae sakafuni karibu na ndoo. Funga ekstensheni kwenye mguu wa rafu, juu kuliko ndoo, na waya wa pampu uning'inie kwanza chini ya soketi ndipo upande, ili tone likifuata waya lidondoke pale kwenye kona badala ya kuingia kwenye plagi. Muulize fundi umeme kama bodi yenu ina breka inayokata umeme ukivuja. Majengo ya zamani mengi hayana. Ukitaka kutia mkono ndooni, chomoa kwanza.

Utaulizia na vihisi vya unyevu, najua, maana kila mtu anaviona mtandaoni. Kwa sasa hapana. Vile vya bei rahisi vyenye miguu miwili ya chuma huliwa na kutu baada ya wiki chache kwenye udongo mbichi, na vikianza kuongopa husema udongo ni mkavu. Unajua kinachofuata.

Chini ya rafu nzima weka trei pana yenye ukingo, au mabeseni mawili ya kufulia yaliyobanana. Kisha fanya jaribio ukiwa nyumbani, siku nne kamili, bila kugusa chochote kwa mkono. Jaza ndoo, chora mstari kwa maki peni kwenye uso wa maji, na kila jioni chora mwingine. Mistari ikiwa na nafasi sawa, yaani kama lita moja na nusu kila siku, funga mlango uende. Ikiwa siku moja imeshuka sana, kuna mpira umechomoka au unajivuta. Isiposhuka, pampu imeziba au taima imesahau saa.

Mstari wa mwisho uchore asubuhi ya kuondoka, na uandike tarehe pembeni. Ukirudi, kabla hujatazama hata jani moja, funua ndoo. Maji yakiwa yamebaki lita sita, umepatia. Yakibaki kumi na mimea ina afya, ulikuwa unakosa zamu kwa umeme lakini vipimo vyako vilikuwa vya ukarimu, basi punguza. Na usiamini vipimo vya Juni ikifika Januari; joto likipanda, au ukianza kuwasha kiyoyozi, toa mizani uanze upya na vyungu viwili tu, cha mchicha na cha pilipili.